Kabichi ya Firimbi Mbili

Mavyaa hakuiamini presha kuka.
"Hilo ni bomu," kasema Bi Mwanashee,
akahamia dakani na tasbihi yake,
mlango ukawa kati yetu.

Nami nikakata kabichi ya Langoni, majani mapana,
kitunguu kimoja, binzari ya ncha ya kisu,
chumvi ya kuonea haya, daktari kakataza.
Maji kikombe cha kahawa, basi:
kabichi ina maji yake,
kama mtu mnyamavu alivyo na maneno yake.

Nikafunga.
Firimbi ya kwanza: paka karuka ukutani.
Ya pili: punda kichochoroni kagoma,
mwenyewe akafoka,
"Nyumba gani hiyo yamwitia mtu punda wake?"
Nikazima.

Mvuke ulipotulia nikafungua.
Harufu ikanitangulia ngazini
hadi kwa Bwana Shekuwe, wiki ya tatu kitandani,
yeye aliyezoea kusema kabichi ni chakula cha jela.
Alikula kimya.
Sahani akaikomba kwa kidole.

Nikishuka, sauti dakani, ya chini:
"Mkaza mwana,
hilo bomu lako
limebaki hata kijiko?"