Sentimita Kumi na Mbili

Daftari la Kydyrbek linanuka mafuta ya taa na kondoo.
Miaka thelathini na moja, kila siku saa mbili asubuhi,
ameshuka korongoni hadi mto Sary-Bulung,
akausoma ubao wa mistari,
akaandika: themanini na nne. Themanini na sita.
Siku aliyomzika mkewe: tisini. Mwandiko umetetereka kidogo.

Nami nikayachukua maji yake yote
nikayapeleka Bishkek, nikayalaza kwenye kompyuta.

Profesa akaniambia, "Yafungie, Aizirek.
Chapisha kwanza. Data ni mwali,
haonyeshwi watu kabla ya posa."
Makala yangu ikatoka nyuma ya lango,
dola thelathini na tano kulifungua.
Kydyrbek aliuliza bei, akacheka hadi akakohoa:
"Robo ya kondoo, nisome namba zangu mwenyewe?"

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Lakini huu si mtungi. Ni mto,
na walio chini yake wana kata zao.

Usiku mmoja wa Machi nikaweka kila kitu wazi:
namba, programu, ramani, hata maandishi yangu ya aibu,
*hapa sijui kwa nini, ila inafanya kazi.*
Nikalala kama aliyeacha mlango bila komeo.

Siku ya tisa ikaja barua kutoka Namangan, ng'ambo ya mpaka.
Dilfuza, mwanafunzi, binti wa mkulima wa pamba:
"Dada, samahani. Baada ya gharika ya mwaka ule
mto wako unapanda ghafla sentimita kumi na mbili
na haushuki tena. Mito haina tabia hiyo.
Je, ubao ulihamishwa?"

Uso ukaniwaka kama uliopakwa pilipili.
Nikampigia Kydyrbek. Kimya. Kurasa zikipekuliwa.
"Mbona niliandika? Pembeni, kwa penseli.
Ubao ulisombwa, nikasimika mwingine.
Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kiganja na vidole viwili, basi.
Kwenye grafu yangu, unywele;
huko kwao, kimo cha tuta
kati ya pamba na tope.

Nikaandika sahihisho: jina langu juu ya kosa langu,
kisha la Dilfuza, kisha la Kydyrbek,
ambaye alitaka kujua
kama ni lazima avae koti kwa jambo hilo.

Profesa hajasema nami tangu Jumanne.
Leo ubao unasoma tisini na tatu.
Theluji inaachia huko juu.
Namba nimeshaituma, kwa yeyote.