Herufi Inayochechemea

Kabla hujaitwa Meya, kabla hujaitwa Mheshimiwa,
ulikuwa Wakili Nyevu, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa,
ngazi zinanuka bizari, na mimi mlangoni
na taipu niliyorithi kwa karani aliyehamia Mombasa,
herufi yake ya R ikiruka juu ya mstari
kama mtoto anayechungulia dirishani.

Watu wa Mkwajuni walikulipa korosho,
siku moja kuku, miguu imefungwa,
akataga yai juu ya hati za kiapo.
Kesi nambari arubaini na moja:
familia thelathini na tisa, hatimiliki hakuna,
na bwana mmoja wa Nairobi mwenye ramani.
Ulisimama na joho lililopauka makwapani
ukamuuliza shahidi wake swali moja:
"Mkorosho huu wa mbele, aliupanda nani?"
Akaomba maji.
Nikachapa barua ya ushindi, nakala thelathini na tisa.
Tsofa Luganje alikanyaga chini mara tatu,
akaijaribu ardhi kama mtu anayejaribu kitanda.

Basi Malindi ikakupa kiti.
Mkufu wa umeya ulikuwa mzito,
uliuvua kila chai ilipoletwa.
Nilikufuata na taipu yangu kichwani.
Mitaro, leseni, taka za sokoni,
mishahara ya wafagiaji iliyochelewa miezi minne,
madiwani wanaokuchekea mezani
na kukupigia kura ya mgongoni.
Mitaro ya Majengo ulizibua, hilo nitalisema popote.
Mvua ya Mei ilipita kama mgeni mwenye adabu.

Kisha ikaja barabara ya soko jipya.
Kalamu ya mhandisi ilikatiza Mkwajuni.
Ulinisomea notisi bila kuniangalia:
siku thelathini, wahame.
Nikachapa.
Neno barabara lina R mbili, zote zikachechemea.
Tsofa hakujua kusoma.
Alikuja na karatasi mbili, ile ya ushindi na hii,
akazilaza sambamba mezani kwangu, akaweka kidole:
"Kiguru huyu ni yuleyule."

Bunge lilikuchukua mihula miwili.
Nilikusikia redioni, Mheshimiwa Spika,
ukiisemea ardhi ya pwani kwa dakika nne,
vizuri, haki ya Mungu, vizuri,
hadi dakika zikaisha na hoja ikaahirishwa.
Sijui mpaka lini. Hawakusema.

Mwaka huu umeangushwa kwa kura mia mbili na sita.
Umepanda ngazi za bizari, umepumzika mara mbili.
Sikukuuliza habari, nilipangusa kiti.
"Arubaini na moja," ukasema. "Lipo?"
Lipo. Mchwa wamekula jalada, majina wameyaacha.
Ukavaa miwani, ukayasoma kwa sauti;
ulipofika kwa Luganje ukakohoa, ukarudia.

Nikakwambia yuko fundi kule Barani
anayeweza kuinyoosha hii R.
Ukasema, "Iache.
Wataitambua."