Tela Lisinitangulie

Siku ile, mteremko wa Kalinzi,
nilikanyaga breki, pikapu ikatii.
Tela halikutii.
Mikungu arobaini ya ndizi na magunia saba ya maharage
yalinisukuma mgongoni kama watu wanaogombea dirisha la benki,
na kwenye kioo cha pembeni nikaliona tela
linakuja ubavuni mwangu
kana kwamba lina neno la kuniuliza.

Sikufa. Niliingia shambani mwa mtu,
nikalipa migomba miwili na matusi yake.

Tela nililinunua likiwa na breki zake,
ekseli ya Ulaya, sumaku ndani ya ngoma za magurudumu.
Miaka minne zimelala humo
kama mlinzi aliyeajiriwa bila kupewa filimbi.
"Mama Nyabenda," fundi Ruhwanya akasema,
"breki unazo. Huna wa kuziamuru."

Visanduku viko vya namna mbili, akanieleza,
akichora kwa oili juu ya boneti niliyoiosha jana.
Cha kwanza huhesabu: moja, mbili, tatu,
kisha hukaba. Hakijui umebeba au hukubeba,
uko kileleni au umeshafika bondeni.
Hicho ni rahisi.
Cha pili kina kitu kinachoning'inia ndani,
kinahisi gari linavyosita,
nacho hushika kadiri unavyoshika wewe.
Bei yake – akafuta mchoro kwa kiwiko –
mbuzi watatu.
Hakusema wa ukubwa gani.

Nililala nikihesabu mbuzi.
Nikaamka nikihesabu kona:
ya kanisa, ya kisima, na ile iliyolimeza lori la mkaa.
Niliuza wawili. Wa tatu nikamkopa kwenye kikoba.

Kikaja kwa treni kutoka Dar es Salaam,
kikachelewa Kaliua siku nzima,
ndani ya boksi la sabuni, kimevishwa soksi ya mtoto.

Jumamosi, gereji ya Mwanga,
miguu ya Ruhwanya inachungulia mlangoni,
kichwa kiko chini ya usukani, sauti inatokea huko:
nyekundu, swichi ya taa za breki.
Nyeusi, betri, na ipitie kwenye fyuzi,
"fyuzi, Gwasa, si msumari, nimekuona."
Nyeupe kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma kicheke.
Buluu ndiyo msafiri, ndiyo iendayo hadi kwenye tela,
na buluu ikaishia hatua moja kabla ya bampa.
Gwasa akang'oa waya wa kijani kwenye redio iliyokufa.
Nikautia alama kwa rangi yangu ya kucha,
zambarau, niliyoiweka kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu.

Kisanduku kikakaa juu ya goti langu la kushoto.
Ruhwanya akakipima kwa chupa ya maji iliyojaa nusu:
"Kikikaa upande, kitadanganyika."

Kujaribu, tukaazima saruji ya jirani,
mifuko ishirini; akadhani tunampelekea saiti.
Namba sita: magurudumu ya tela yakaganda,
yakachora mistari miwili mieusi, mbwa wakakimbia.
Namba mbili: kama si breki.
Tatu na nusu. Hapo Ruhwanya akanyamaza,
na Ruhwanya hanyamazi bure.

Alhamisi nikashuka na mzigo.
Kona ya kisima nikakanyaga polepole,
nikasubiri ule msukumo mgongoni.
Badala yake tela likanivuta nyuma kidogo,
kama mtoto anavyoshika pindo la kanga yako sokoni
asipotee.
Kidole gumba kilikuwa juu ya kiwiko cha dharura.
Sikukihitaji. Sikukitoa pia,
hadi Mwandiga.

Ndizi zilifika kijani, ngumu, zinagongana kama kuni.
Mbuzi wa tatu bado namlipa,
kila Ijumaa mguu mmoja.