Kipanga Njia

Kiko juu ya kabati, kati ya redio na kopo la chumvi,
cheupe zamani, leo rangi ya jino la mvuta tumbako.
Antena moja imesimama. Ya pili nimeifunga uzi mweusi,
ule uliobaki nilipopinda suruali za Mugisho.
Mwaka wa tisa huu.

Kamusi inakiita kipanga njia.
Nilicheka niliposoma, mvua ikipiga Kadutu,
na njia ya mlangoni kwetu ikiteremka yenyewe
kumfuata jirani wa chini, pamoja na ngazi mbili za mawe.
Kipange njia gani, maskini,
katika mji ambao kila Novemba njia hujipangua?

Zihalirwa wa Nyawera anacho kipya.
Kimelala ndani ya boksi kama mtoto wa tajiri,
antena nne, plastiki bado haijabanduliwa.
"Mama Ansima, hiki kinafika hadi chooni."
Dola arobaini na tano.
Nikamwuliza, na huko chooni nina haraka gani?
Hakucheka. Naye ana kodi ya kulipa.

Dola arobaini na tano ni mabati manne na misumari yake.
Ni karo ya Ansima hadi Pasaka.
Ni sambaza wa miezi miwili,
sambaza wa ziwani, nasema, si kitenzi,
ingawa hiki cha kabatini nacho husambaza hivyohivyo,
kwa fungu, si kwa kilo.

Umeme ukirudi saa saba usiku, naamka,
nawasha, nafungua hesabu za kahawa:
magunia, unyevu, majina ya wakulima wa Idjwi.
Taa ya kwanza, kijani.
Ya pili, kijani.
Ya tatu inafikiri.
Siku hizi inafikiri sana, hii ya tatu.
Ansima mwenyewe nilimsubiri kwa moyo mtulivu zaidi.
Halafu orodha inakwama kwa mtu wa arobaini na moja,
Bagalwa, mwenye kilo sita tu,
nami naona haya, kana kwamba nimemwacha ng'ambo
na mtumbwi nimeondoka nao.

Nimekizima nikahesabu hadi thelathini.
Nimekipepea kwa kifuniko cha sufuria.
Nimekipiga kofi, moja,
kikafanya kazi hadi Jumapili,
na Jumapili sikuweza kukitazama.

Nyuma ya ukuta kuna jiwe. Juu ya jiwe, Cirhuza,
daftari magotini, mtihani wa taifa shingoni.
Neno la siri nilimpa mimi, mwaka ule shule zilipofungwa.
"Mama Ansima," huita kupitia tofali, "imeenda tena?"
Imeenda, mwanangu.
Kipya kitataka neno jipya,
na neno jipya litanitaka niamue upya
nani ana haki ya lile jiwe.
Najua nitampa. Lakini nitakuwa nimewaza,
na yeye, masikio yale, atakuwa amenisikia nikiwaza.

Bisimwa fundi alikuja na bisibisi moja.
Hakukifungua hata. Alishika chaja, akainusa.
"Mama, mzee haumwi. Chakula hakimfikii."
Franga elfu nane, chaja ya mtumba,
waya wake mfupi hata nikalazimika kuhamisha redio.
Usiku ule Bagalwa alivuka mara ya kwanza tu,
yeye na kilo zake sita,
na nyuma ya ukuta mtu alipiga mluzi.

Siku tisa.

Ya kumi, radi juu ya ziwa, nyumba ikawa giza, kisha mwanga,
kijani, kijani,
na ile ya tatu ikarudia kufikiri,
nami nimesimama na kifuniko cha sufuria mkononi,
sijui kama ni chaja, ni uzee, ni mvua, au ni mimi.

Asubuhi nilishuka Nyawera kwa viatu vya matope.
"Januari," nikamwambia Zihalirwa. "Januari nachukua."
Akafungua daftari, akaandika jina langu taratibu,
chini ya jina langu la Juni.