Ijumaa Ijayo

Julai ya Tucson haina mlango wa kutokea.
Jua huingia kwa kioo cha mbele, likakaa
juu ya dashibodi kama mdai asiyeaga,
na kila mwaka huchukua kidogo:
mafuta kwanza, kisha ulaini, kisha rangi,
hadi ngozi ile ya plastiki inaposalimu amri, ta! ikapasuka.

Impala hii, ya mwaka sitini na sita, rangi ya feruzi,
ilipasuka mara tatu.
Ufa mrefu unatoka kwenye spika hadi kwenye saa
(saa yenyewe imegoma saa tisa na robo, sijui ya mwaka gani).
Ndani, sponji imekuwa chenga;
ukibonyeza, hukumwagikia mapajani kama makombo ya mkate.

Mimi hushona. Nimeshona viti, mapaa,
hata bitana za majeneza, mwaka kazi ilipokauka.
Nilidhani nimeshasikia kila ugomvi wa mtu na gari lake.

Akaja Anselmo Bustamante kutoka Phoenix,
na tochi, na glavu nyeupe.
"Isafishe tu," akaniambia. "Usiivue.
Gari likishachunwa, hata ulivalishe hariri,
ni gari jingine lililorithi jina la marehemu.
Tazama hapa."
Palikuwa na duara, feruzi mbichi kabisa,
pale mtakatifu wa plastiki aliposimama miaka ishirini
akikinga jua kwa nyayo zake.
Na kweli lilipendeza. Sitasema uongo.
Hakuna kiwanda kinachochanganya tena rangi ile.

Mama yake, Delfina, alikuwa ameketi juu ya tairi.
Hakuinuka.
"Wewe uliuona ufa huu kutoka kiti cha nyuma," alisema,
"ukichezea vidole. Mimi niliutazama uso kwa uso
saa kumi na moja alfajiri, miaka kumi na minane,
nikienda kufua mashuka ya hoteli.
Nilitandika taulo abiria wasiuone.
Abiria gani? Dada zangu!
Na baba yako kila mara: Ijumaa ijayo, Fina.
Nikilipwa tu. Ijumaa ijayo.
Wewe unaita asili. Mimi naita deni.
Deni nalo huhifadhiwa?"

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Ukuta ulikuwa umeshasimama pale gereji,
mama upande huu, mwana upande ule,
nami katikati na mkasi.

Kadi ya gari ina jina la mama. Nikakata.

Chini ya ngozi, pale ufa ulipoanzia,
kisu kiligota.
Gundi. Juu ya gundi, nta ya mshumaa.
Juu ya nta, rangi ya kucha, feruzi karibu-karibu,
tabaka juu ya tabaka, imezama hadi kwenye sponji,
kazi ya mtu asiyejua kazi,
usiku, nadhani, kwa njiti ya kiberiti;
njiti yenyewe ilikuwa bado imenasa.

Nikawaita. Sikusema neno.
Delfina akaingiza kidole, akakwangua,
akaunusa ukucha wake kwa muda mrefu.
"Mjinga," alisema, kwa sauti ya mtu
anayemwita mumewe aje mezani.
Anselmo akavua glavu.
Nikangoja waniambie nirudishe kila kitu.
"Endelea," akasema mama. "Kata."

Wiki sita. Sponji mpya, ngozi mpya,
rangi niliyoichanganya kwa kukisia mara nne, na bado siyo;
mwenye jicho atajua.
Ile ya zamani Anselmo aliiviringisha ndani ya gazeti
akaondoka nayo kwapani, bila kuniaga.

Jumapili iliyopita nililiona gari nje ya kanisa.
Nikachungulia kioo, nijisifie kazi yangu.
Sikuiona.
Taulo lilikuwa limetandikwa juu yake,
pembe zote zimekunjwa vizuri,
jua lisiiguse.