Waya wa Moja na Nusu

Miezi mitatu naposa mtambo.
Nimeupima kwa rula, kwa kamba ya kiatu,
kwa hesabu za nyuma ya risiti ya sukari:
lita thelathini au ishirini,
pampu ya ndani au ya kuning'inia,
bomba linalozibwa na machicha
au lile lisilozibwa, wasemavyo wauzaji,
na muuzaji, kama mshenga, hataji kilema.

Kule Kibosho mama hakuchagua.
Chungu kimoja, mafiga matatu,
moshi ndio uliochagua macho ya kuumiza.
Ulezi ulioteshwa, ukaanikwa, ukasagwa,
gome la msesewe likatia uchungu wake,
na joto alilipima kwa kiwiko.
Mimi nataka namba. Sitini na saba,
nyekundu, isiyotetereka,
hapa Upanga, ghorofa ya tatu,
jikoni ambamo friji ikifunguliwa
mtu hapiti.

Kwa Virji, Mtaa wa Narung'ombe, ilikuwepo miwili:
mkubwa, wati elfu tatu na mia tano,
unang'aa kama sufuria la harusi;
mdogo, elfu mbili, mfuniko wa kioo, kibonyezo kimoja.
"Chukua mkubwa, dada. Mdogo utaujutia."
Nikaukumbatia nijue uzito wake.
Nikaacha arbuni.

Ndipo akaja fundi Mwinjuma,
ambaye pombe hajaionja wala haimtamanishi.
Akafungua soketi,
akavuta waya kama utumbo wa samaki,
akaunusa.
"Nani kakudanganya? Huu wa moja na nusu.
Wa taa huu, na pasi kwa kuihurumia.
Huo mkubwa wako utapika ukuta kabla ya pombe."
Nikamwuliza bei ya kupitisha waya mpya.
Akatazama dari, akatazama ukuta usio wangu,
akataja bei ya mtambo wa tatu.

Basi nyumba ikachagua.
Nikarudi kwa Virji, shingo upande,
nikaleta mdogo kwa bajaji, nimeupakata.

Jumamosi. Kimea ndani ya kikapu cha chuma.
Pampu ikaanza kunong'ona,
sitini na tano, sitini na sita, sitini na saba.
Nikapiga picha ya namba, nikamtumia mama.
Akapiga simu. "Mwiko anashika nani?"
Hakuna, mama. Unajizungusha wenyewe.
Kimya.
"Basi hiyo pombe haikujui."

Nikiwa bado nacheka, LUKU ikalia,
na namba nyekundu ikafa.
Kununua umeme: mtandao unasumbua, jaribu baadaye.
Baadaye ni saa ngapi, nyinyi watu?
Nikafungua kanga kiunoni, nikaufunga,
nikaongeza taulo, nikaongeza pazia la sebuleni,
nikakaa gizani na lita zangu ishirini,
kila mara nikiegemeza kiwiko.
Lipo. Bado lipo.
Kiwiko hakina tarakimu, kina bado tu.

Tokeni ilipoingia, namba ikawaka:
sitini na nne.
Si haba.

Kupoza ndiko kulikonichekesha.
Aliyeunda ile koili hajawahi kuoga
maji ya bomba ya Dar mchana wa Januari.
Nikashuka kwa Bi Mwanahawa, muuza barafu za ukwaju,
nikanunua za ndoo nzima.
Akauliza kuna nini huko juu.
Napoza uji, nikasema,
na haukuwa uongo mtupu.

Sasa pipa limekaa chini ya meza ya kupigia pasi,
linatoa pumzi moja moja, bwu, kisha linafikiri.
Sijui itakuwa nini. Huenda siki.
Mwinjuma amepiga simu usiku,
hakuuliza pombe, ameuliza ukuta.
Nikaenda kuigusa soketi, kwa kiwiko, bila kukusudia.
Vuguvugu, nimemwambia.
Kama paji la mtu mzima.