Wanja

Newala, saa nane usiku, umeme umerudi.
Picha sitini za Kilimia nimezilaza moja juu ya nyingine
kama khanga sandukuni,
na kila nyota imetoka na wanja:
pete nyeusi, nene, kuzunguka mwanga.

Nikaanza kusaka mchawi.
Nikaulaumu umande uliopanda kutoka Shimo la Mungu,
nikaifuta lenzi kwa kitambaa cha miwani ya baba.
Nikaulaumu moshi wa Nangumbi, anayechoma maganda ya korosho.
Nikamlaumu Somoe aliyeniazima kamera
akaapa haina ila.

Ya thelathini na moja, kweli, ina kasoro:
nyota zote zimeota mkia.
Ndipo lori lilipopita na magunia, ardhi ikatetema.
Nikaitoa.
Pete zikabaki.

Basi nikafungua picha moja, mbichi, isiyoguswa.
Giza la chengachenga, rangi ya chai iliyopoa,
na nyota ndogo, butu, kingo zimefifia.
Haina pete.

Nikarudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi pale
nilipovuta ukali kutoka ishirini hadi themanini
nikitaka zing'ae kuliko zilivyong'aa.
Wanja nilipaka mimi.

Nimerudisha ishirini.
Kilimia kimekaa na ukungu wake kidogo.
Somoe atasema hakionekani vizuri;
nitamwambia aje,
atoke nje, angoje macho yazoee.

Ile ya thelathini na moja sikuifuta.
Nimeiita Lori.